Ukipewa alama na kompyuta ya serikali: namna ya kuibana kabla haijakubana

Tuseme kuna bi mkubwa mmoja Kisauni, nyumba ni ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe, sakafu simiti, choo kiko ndani, mfereji uko uani. Riziki yake ni viazi karai jioni, siku nzuri anauza, siku ya mvua hola. Mjukuu anamjazia fomu kwa simu, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, mko wangapi, maji mnatoa wapi. Hakuna pahali anaulizwa jana umeuza ngapi, ama unadaiwa na nani. Maswali yakiisha kompyuta inapiga hesabu yake na inasema mama wewe una uwezo, lipa kiasi fulani. Anamuuliza mjukuu, "Nani kasema nina uwezo?" Mjukuu anaangalia simu, hana jibu, maana hakuna mtu aliyesema.

Hilo swali la bi mkubwa ndio hii guide yote. Nitakuonyesha namna ya kulipeleka kwa maandishi, kwa nani, na ukae siku ngapi kabla ya kupanda ngazi inayofuata.

Watu wengi wakisikia serikali inapima raia kwa AI akili inakimbilia China, ile stori ya kila mtu ana namba yake moja inapanda na kushuka akivuka barabara vibaya. Enyewe hata huko mambo si hivyo, mpango wao wa 2014 ulizaa orodha nyingi za miji na idara mbalimbali, na ile inayouma zaidi ni ya mahakama, ya watu waliokataa kutii hukumu ya kulipa deni, hao ndio wananyimwa tiketi za ndege na treni za kasi. Huku kwetu Kenya alama haiji na kelele hivyo, inakuja imevaa nguo za huduma. Mfano wa karibu kabisa ni bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, mtu wa mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, hapo hakuna kubahatisha. Lakini mama mboga, mtu wa boda, fundi, mkulima, hao hawana payslip, kwa hivyo wanapimwa uwezo kwa chombo cha maswali. Kanuni zenyewe zinataja aina ya nyumba, huduma mnazopata, watu walio kwenye nyumba na hali yao ya maisha. Chombo kinakisia mapato, halafu unalipa ile 2.75 ya makisio, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na unalipa ya mwaka mzima mbele. Piga hesabu uone, kikikukisia elfu 20 kwa mwezi ni 550, mara 12 ni 6,600 kwa mpigo mmoja. Mtu wa chini kabisa ni 3,600. Hiyo tofauti ya 3,000 imetoka kwa paa na choo.

Kabla ya kupigana na kitu jua kimepikwa vipi. Wachumi wanachukua nyumba kadhaa, wanazihoji kwa kina matumizi yao, halafu wanatafuta vitu vinavyoonekana kwa macho ambavyo huenda pamoja na matumizi makubwa, labda tiles, labda gesi, labda vyumba vingi. Kila kitu kinapewa uzito wake. Baadaye uzito huo huo unatumika kwa nyumba za nchi nzima ambazo hakuna aliyezihoji hivyo. Kwa wastani inaweza kukaribia, lakini wewe si wastani. Haioni kwamba kazi iliisha mwezi jana, haioni mgonjwa wa kisukari ndani, haioni kwamba nyumba ni ya urithi na mna kesi juu yake. Na mtu akikuambia hii si AI ni hesabu tu, usibishane naye. Iwe mashine iliyojifunza yenyewe ama formula ya Excel, sheria ya Kenya haikuuliza hilo, imesema uamuzi unaotokana na uchakataji wa kiotomatiki, bas, zote zinaingia kapu moja.

Andika barua mbili, usiziunganishe

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanaandika barua moja ya kulalamika kurasa nne, inaenda kwa customer care, inakufa. Ziko sheria mbili na kila moja ina saa yake.

Ya kwanza ni ya data yako wewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kifungu cha 26 inakupa haki ya kujua data yako inatumikaje, kuiona, na kurekebishiwa iliyo na makosa. Kanuni za 2021 zinasema ukiomba kuiona wana siku 7, na ni bure, na ukiomba marekebisho wana siku 14. Kifungu cha 35 ndio moyo wa mambo: una haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake kama unakugusa kisheria ama kwa njia kubwa. Sheria inaruhusu mashine iamue pale ambapo kuna sheria nyingine inayoruhusu na imeweka kinga za kumlinda mwananchi, na ofisi itakimbilia hapo, so usishangae. Lakini hata hapo lazima wakujulishe kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine, na wewe unaweza kudai waufikirie upya ama wafanye uamuzi mwingine usiotegemea mashine peke yake, na wakujibu kwa maandishi walifanya nini.

Barua yenyewe iwe fupi, kitu kama hiki:

"Kwa Afisa wa Ulinzi wa Data. Mimi ni fulani, nambari ya kitambulisho kadha. Tarehe kadha nilipimwa uwezo na mfumo wenu nikapewa kiwango cha shilingi kadha. Kwa kifungu cha 26 naomba nakala ya majibu yote mliyonayo kunihusu, alama niliyopata, na orodha ya ofisi nyingine zilizopewa alama hiyo. Kwa kifungu cha 35 naomba uamuzi huu uangaliwe upya na afisa mwenye mamlaka ya kuubadilisha, nami nielezwe cheo chake na sababu za uamuzi wake kwa maandishi. Yafuatayo si sahihi au hayakuulizwa: nyumba ni ya urithi na haina kodi inayoingia, mapato yangu ni ya siku, nina mgonjwa anayenitegemea. Nimeambatisha daftari la mauzo la miezi mitatu."

Umeona hakuna neno AI hata moja, wala uonevu, wala serikali hii. Daftari la mauzo hata likiwa la kuhesabu kwa vijiti na mafuta yamedondokea liambatishe, hiyo ndio data ambayo mashine haikuwa nayo. Usiombe huruma, lete ushahidi.

Barua ya pili ni ya mfumo wenyewe, hii si lazima hata uwe umepimwa, raia yeyote anaweza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na kitu ambacho watu hawajui ni kwamba sheria hiyo imeandika wazi unaweza kuomba kwa Kiingereza ama Kiswahili, kwa hivyo mtu wa reception akikuambia rudi na ya Kiingereza mwonyeshe kifungu cha 8. Asiyejua kuandika afisa wa habari anatakiwa amsaidie. Hulazimiki kusema unataka habari ya nini. Wana siku 21, wanaweza kujiongezea 14, na kama ni jambo la uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza hesabu kwamba wamekataa, nenda ngazi ya juu.

Uombe nini? Maswali yote ya chombo na uzito wa kila jibu. Nani alikitengeneza na mkataba wake. Kilijaribiwa kwa nyumba ngapi na kilikosea kwa wangapi, waliowekwa juu kimakosa na waliowekwa chini kimakosa, hizo ni namba mbili tofauti, usikubali moja. Ripoti ya tathmini ya athari za data, yaani ile inayopima kuchakata data hii kunaweza kuwadhuru watu vipi. Na swali langu ninalolipenda kuliko yote: tangu mfumo uanze, maafisa wamebadilisha maamuzi mangapi ya mashine?

Kwa nini hilo la mwisho? Kwa sababu kifungu cha 35 kina neno "peke yake", na kila ofisi duniani imeshagundua mlango huo. Wanaweka kijana mmoja kwenye kiti, kazi yake ni kubonyeza kubali, kubali, kubali, halafu wanakuambia hapana si mashine peke yake, kuna binadamu. Kama huyo binadamu hajawahi kubadilisha hata moja basi huyo ni muhuri tu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iligusa kitu karibu na hiki tarehe 7 Desemba 2023 kwenye kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani ya kupima wakopaji. Kampuni ilisema sisi tunatoa alama tu, anayekataa mkopo ni benki. Mahakama ikasema kama benki inaegemea sana ile alama, basi kutoa alama kwenyewe ni uamuzi. Haifungi mahakama zetu, lakini kifungu chetu cha 35 kimefanana mno na cha Ulaya, so ukiwa na wakili mwambie aisome.

Watakujibu nini? Mara nyingi itakuwa siri ya biashara, ama tukiweka uzito wazi watu watadanganya. La kwanza, hiyo sheria ya habari inaruhusu kutolewa hata kilichozuiliwa pale maslahi ya umma yakizidi madhara, litaje hilo. La pili lina ukweli kidogo, sikatai, mtu akijua paa la nyasi linampunguzia ataandika nyasi. Lakini hilo linatibiwa kwa kukagua nyumba, si kwa kumficha raia kipimo anachopimwa nacho. Mizani ya sokoni unaiona ikipima, na bado wauzaji wanaangaliwa.

Jambo dogo lakini limenigharimu: mimi niliwahi kupeleka barua ofisi moja, sitaitaja, nikamwachia askari wa mlangoni nikaenda zangu. Mwezi mmoja baadaye naambiwa haijawahi kufika. Toka siku hiyo natoa nakala mbili saiba, moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa tarehe na mimi ndiye naibeba. Kama ni imeli, jitumie nakala wewe mwenyewe na upige skrinshoti yenye tarehe. Na skrinshoti ya kwanza kabisa piga siku ile unajaza maswali, kila ukurasa, maana ukishabonyeza mwisho huenda usiyaone tena.

Wakikataa ama wakinyamaza

Barua ya data ikikwama unaenda kwa Kamishna wa Data, ODPC, malalamiko ni bure na yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Barua ya mfumo ikikwama unaenda Tume ya Haki za Kiutawala, wengi tunaiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Kuna mlango wa tatu watu wanausahau, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, imetoka kwa kifungu cha 47 cha katiba. Ukiomba sababu za uamuzi uliokuumiza wana miezi mitatu, na wasipokupa, sheria inachukulia kwamba hakukuwa na sababu nzuri. Yaani kunyamaza kwao kunakuwa ushahidi wako.

Kortini ndio mwisho, si mwanzo. Lakini usiogope korti vile tumezoea kuiogopa, kifungu cha 22 cha katiba kinasema kesi ya haki za msingi haitozwi ada ya kufungua, na unaweza kufungua kwa niaba ya kundi ama kwa maslahi ya umma. Na tumeshashinda huku. Mnakumbuka Huduma Namba? Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema DNA na GPS hapana, na mfumo hauendelei bila sheria za kuulinda. Serikali ikaendelea na kadi hata hivyo, na tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akafuta uamuzi wa kuzindua kadi. Kosa lilikuwa karatasi moja tu, tathmini ya athari za data ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data haikufanywa kwanza. Ripoti hiyo inatakiwa ipelekwe kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Ndio maana nimekwambia uiombe kwenye barua ya pili. Kama haipo, una kesi mkononi.

Waholanzi nao wana somo, tena chungu. Walikuwa na mfumo unaitwa SyRI, unachanganya data za kodi, kazi, nyumba, misaada, halafu unatoa majina ya watu wa kushukiwa ulaghai, na ulielekezwa mitaa ya wanyonge. Mahakama ya Hague iliuzima tarehe 5 Februari 2020, na sababu kubwa ni kwamba serikali haikutaka kuonyesha unafanyaje kazi, so hakuna aliyeweza kuukagua. Lakini miaka hiyo hiyo ya SyRI, idara ya kodi ilikuwa inatumia modeli nyingine kwa pesa za malezi ya watoto, na moja ya vitu ilivyoangalia ni kama mtu ni raia wa Uholanzi ama la. Maelfu ya wazazi wakaambiwa ni walaghai, rudisheni maelfu ya euro. Serikali nzima ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021. Yaani unaweza kuzima mashine moja na ile ya chumba cha pili inaendelea kunguruma. Ndio maana ukishamaliza kesi yako ya shilingi 550, kazi bado.

Kuziba kabisa: petisheni

Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kuomba Bunge litunge, libadilishe ama lifute sheria. Kaunti nayo ina mlango kama huo kwa bunge lake, na hapo ndipo pazuri pa kuanzia kama kitu chenyewe ni cha kaunti, mathalan basari, maana MCA utampata kwa kibanda cha chai.

Uombe nini hasa? Usiandike "tunataka AI idhibitiwe", hiyo kila mtu atakubali na hakuna kitakachofanyika, sanasana utaambiwa mkakati wa taifa wa AI wa 2025 hadi 2030 unashughulikia, na mkakati si sheria. Andika vitu vinavyoweza kuvunjwa na kuonekana vimevunjwa. Mimi ningeweka hivi: alama yoyote isimzuie mtu kupata matibabu, chakula, shule ama kitambulisho wakati rufaa yake inasikilizwa. Alama iliyotolewa ofisi moja isihamie ofisi nyingine, ya bima isiende kwa polisi wala kwa watu wa kodi wala kwa chief. Alama ife baada ya mwaka mmoja, mtu apimwe upya. Afisa wa kubadilisha awepo kila kaunti ndogo, mwenye jina mlangoni, na idadi ya alama alizobadilisha itangazwe kila robo mwaka. Mfumo usianze kabla haujajaribiwa na watu wasiolipwa na aliyeutengeneza, na matokeo yawekwe wazi. Na kile cha kumpima raia kwa tabia kwa jumla, huyu mwema huyu si mwema, kipigwe marufuku moja kwa moja kama Ulaya walivyofanya, sheria yao ya AI inakataza hilo tangu tarehe 2 Februari 2025. Kenya na nchi nyingine wanachama wa UNESCO walipitisha mapendekezo Novemba 2021 yanayosema AI isitumike kuwapa raia alama za kijamii. Wabunge hawapendi kukumbushwa walichokubali, wakumbushe.

Kati ya hizo, ukiambiwa uchague moja, chagua ya kuhama. Alama mbaya ikikaa ofisi moja inakuumiza mara moja. Ikihama inakufuata.

Na kabla ya yote hayo uliza kama alama inahitajika. Pesa za wazee za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, mwaka 2018 zilipanuliwa kwa kigezo cha umri, 70 na kuendelea. Zinachelewa sana, tunajua, lakini kwa kigezo cha umri hakuna haja ya kumuuliza mzee paa lake ni la nini. Kuna mambo ambayo kupima kila mtu kunagharimu na kukosea kuliko kumpa kila mtu. Petisheni ikiwa na hoja hiyo kamati itabidi ijibu kwa hesabu.

Walio Tanzania, sheria yenu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023 na nayo ina haki kuhusu maamuzi ya kiotomatiki, malalamiko yanaenda Tume ya PDPC. Uganda mnayo ya 2019, Rwanda ya 2021, zote zimegusa maamuzi ya mashine. Siku na vifungu ni tofauti na vya kwetu, msinakili barua yangu mkabandika, soma ya kwenu kwanza.

Fomu ya petisheni haina ugumu. Kiswahili kinakubalika. Iandikwe kwa mkono ama ichapwe, ieleze mlishajaribu ofisi gani na mkajibiwa nini (hapo zile barua zako mbili zenye muhuri ndio zinaingia), iseme kama kuna kesi kortini juu ya jambo hilo, iwe na majina, anwani na sahihi, asiyejua kuandika aweke dole gumba, halafu inapelekwa kwa Karani wa Bunge. Kuna sharti moja la mwisho wengi wanaanguka nalo, sheria inataka lugha ya heshima na ya upole. Kwa hivyo ile ya kwanza uliyoandika usiku ukiwa na hasira ibaki nyumbani, ya pili ndio upeleke.